Kabla ya Kumfunda Mwali: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Haya yanawahusu mama, shangazi, bibi, somo na kungwi. Yanawahusu pia manesi wenzangu wanaojua kukunja uso kuliko kupima. Nimekaa chumba cha uzazi na kliniki ya akina mama muda wa kutosha kujua maradhi yapi yanakuja yenyewe na yapi tunawapa mabinti zetu kwa mikono yetu. Ya mikono yetu ni mengi mno. Na chanzo chake hakibadiliki: msichana anaambiwa mapema sana mwili wake ni wa nani. Wa mume, wa ukoo, wa heshima ya baba. Unavyofanya kazi haambiwi. Anakua na mwili asioujua, na siku akiumia hajui hata aanzie wapi kusema.

Mna akili zenu. Sitawabembeleza.

KUVUNJA UNGO

Fanya: mwambie kabla damu haijaja.
Wasichana wengi huvunja ungo kati ya miaka 11 na 15, na wapo wanaowahi zaidi. Ukisubiri uone doa kwenye sketi ya shule, umechelewa. Binti ambaye hakuambiwa hudhani ameumia au amerogwa, na wa kwanza kumweleza atakuwa mwenzake wa dawati moja, ambaye naye hajui kitu. Kaa naye jikoni umwambie damu inatoka wapi, itachukua siku ngapi, afanye nini ikimkuta darasani. Ukiona haya, mwite shangazi, hiyo ni kazi yake tangu zamani. Ila kwanza hakikisha shangazi mwenyewe anajua anachokisema.

Fanya: anika vitambaa juani.
Si kila nyumba ina hela ya pedi kila mwezi. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa sabuni na kukauka vizuri juani hakina shida. Chenye shida ni kile kilichofichwa chini ya godoro kikiwa kibichi ili kaka zake wasikione. Binti anaanza kujikuna, halafu nyie mnaanza kumtilia shaka kuwa ana bwana.

Usifanye: usimwambie "sasa ukiguswa na mwanamume utapata mimba."
Ni uongo, na uongo huu una gharama mbili. Mwoga atakosa usingizi kwa sababu binamu yake alimshika mkono. Asiye mwoga atashikwa mkono, ataona mimba haikuja, na kuanzia siku hiyo kila ulichomfundisha atakitupa, hata kile cha kweli. Mwambie mimba inavyoingia. Mwambie pia kwamba inaweza kuingia hata kabla hajaona damu ya kwanza, maana yai hutangulia damu.

Usifanye: usiite kila maumivu chango.
Tumbo la hedhi linalotulia kwa kidonge cha maumivu ni jambo la kawaida. Tumbo linalomlaza chini kila mwezi na kumkosesha shule si la kawaida, na kumwambia "litaisha ukizaa" ni uvivu. Huenda ni endometriosisi, ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria inampata mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Kwa mtu mzima huenda ni uvimbe kwenye kizazi, na sisi wanawake weusi, popote tulipo duniani, tunaupata zaidi na mapema kuliko wengine. Mizizi ya chango haiondoi hata kimoja kati ya hivyo. Inampotezea miaka.

UNYAGO

Sina ugomvi na unyago. Nimefundwa, nimefunda. Ugomvi wangu ni na yanayofanyika leo kwa jina la unyago.

Fanya: mpeleke kungwi kliniki kabla hujampeleka mwali kwa kungwi.
Kungwi anasikilizwa kuliko mimi na kuliko mwalimu wa baiolojia. Analolisema ndani, mwali hulishika hadi uzeeni. Basi ajue chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ajue kondomu inavaliwaje, ajue dalili za magonjwa ya zinaa. Kungwi anayejua kupiga msondo lakini hajui kisonono kinaweza kumtia mwanamke ugumba asipewe mtoto wa mtu.

Usifanye: usimwingize ndani mtoto wa darasa la tatu.
Kule Lindi na Mtwara ngoma hizi huja baada ya mavuno, shule zikifungwa, na siku hizi wanaingizwa watoto ambao hata dalili ya kubalehe hawana. Sababu nazijua: gharama za sherehe, ndugu wamekusanyika, mdogo aunganishwe na dada yake ili yaishe. Mtoto anatoka ndani ameambiwa ni mkubwa, amefundishwa kukata kiuno, na kijiji kizima kimesikia ngoma. Wanaume nao wana masikio. Miaka michache mbele ana mimba, na mnauliza imekuwaje.

Usifanye: usifunde upande mmoja.
Sikiliza mafunzo mengi ya jikoni leo, yale ya kitchen party: mridhishe mume, mpokee mume, usimnyime mume. Saa tatu nzima binti haambiwi hata mara moja kwamba na yeye ana starehe yake, na ana haki ya kusema leo siwezi, au hivi unaniumiza. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, alifunda wali miaka mingi, na hakufunda namna hiyo. Alisema wazi juu ya utamu, akakemea wazi manyanyaso. Sisi tumebakiza kiuno, tumetupa ulimi.

KUJISAFISHA NA KUJIBANA

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapochoka zaidi.

Fanya: osha nje kwa maji. Basi.
Uke unajisafisha wenyewe. Ndani yake wamo bakteria wazuri wanaotengeneza uchachu kama wa mtindi, na uchachu huo ndio unaozuia vijidudu vibaya. Ute unaotoka ni kazi ya mwili, unabadilika kadiri mwezi unavyokwenda: mwepesi siku hizi, mzito siku zile. Ukiwa mweupe au wa maji na hauna harufu kali wala muwasho, uache. Ukiwa wa kijani, au wa mabonge, au unanuka kama samaki, nenda zahanati.

Fanya: fukiza nguo.
Mimi ni mtoto wa pwani, napenda udi na singo kama yeyote. Fukiza kanga, fukiza shuka, fukiza nywele. Kuchuchumaa juu ya chetezo hadi moshi uingie ndani ni jambo jingine. Ngozi ya pale ni laini kama ya ndani ya shavu, inaungua na kukauka haraka.

Usifanye: usitie shabu. Wala ugoro. Wala dawa ya meno, wala limau, wala sabuni ya kipande, wala vile vipipi vinavyouzwa mitandaoni na dada mwenye kucha ndefu ambaye hujui hata anaishi wapi.
Mnachokiita kubana si kubana. Ni ukavu na uvimbe. Shabu inakausha ute, inaua wale bakteria wazuri, inaacha ngozi imenyauka. Ngozi kavu huchanika kwenye tendo, na kondomu kavu hupasuka. Michubuko hiyo ndiyo mlango wa virusi vya ukimwi. Nilimpokea bi harusi wa siku tatu ambaye shangazi yake alimwekea shabu wiki nzima kabla ya nikahi. Usiku wa kwanza alitoka damu, nyumba ikashangilia, shuka likatembezwa. Siku ya tatu alikuwa hawezi kukojoa kwa maumivu. Ile damu haikuwa ya ubikira. Ilikuwa ya vidonda.

Nani aliwaambia ukavu ni sifa? Mwili unaotaka tendo hutoa maji. Mwanamume anayelalamika kwamba mkewe "ana maji" afundwe yeye.

Usifanye: usijitibu UTI sugu.
Ugonjwa huu umekuwa biashara. Kila kuwashwa ni UTI, kila ute ni UTI, na kila duka la dawa lina azuma, ile antibayotiki, ya kukuuzia. UTI ni ya njia ya mkojo. Muwasho wa ukeni mara nyingi ni fangasi, na dozi za ovyo za antibayotiki ndizo zinazoalika fangasi. Unazimeza, muwasho unaongezeka, unaambiwa imekuwa sugu, unauziwa sindano. Pimwa mkojo, pimwa ute, upewe dawa ya kilichoonekana. Ikiwa ni kisonono, klamidia au kaswende, mpenzi naye atibiwe siku hizo hizo. Ukitibiwa peke yako atakurudishia.

LAWALAWA NA WEMBE

Fanya: mtibu mtoto anayewashwa kwa dawa.
Singida na Dodoma wanaijua lawalawa. Mtoto wa kike anawashwa sehemu za siri, analia akikojoa, na bibi anasema dawa yake ni kukatwa. Imani hii ilipata nguvu miaka ya 1970, serikali ilipoanza kubana ukeketaji, ikawa njia ya kuendelea kukata kwa jina la tiba. Muwasho wa mtoto ni maambukizi, au nepi mbichi, au uchafu. Unapona kwa dawa ya zahanati. Hakuna maambukizi yanayopona kwa wembe wa ngariba. Yapo mengi yanayoanzia hapo.

Usifanye: usimkate mchanga ukidhani hakuna atakayeona.
Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wapo walioisikia, wakaamua kukata vichanga ili mtoto asije akasema. Anasema. Anasema siku ya kuvunja ungo, anasema usiku wa ndoa, na anasema akiwa kitandani kwangu, kovu limekakamaa, kichwa cha mtoto hakipiti. Mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 8. Wapo basi waliokwisha kuelewa, na mabinti zao wameolewa na wanazaa kama kawaida.

KIZINDA

Usifanye: usimpime binti ubikira.
Nasema na mama unayemlaza mtoto kitandani na kumulika kwa simu. Huoni kitu. Kizinda kina maumbo mengi, wengine huzaliwa nacho kidogo sana, wengi hawatoki damu hata mara ya kwanza, na hakuna daktari wala mkunga duniani anayeweza kutazama na kusema huyu ameguswa, huyu bado. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji huo ukomeshwe kila mahali. Unachofanikiwa kumfundisha binti ni kitu kimoja, kwamba mtu mwenye mamlaka akimwambia avue nguo, avue. Mwalimu mbaya atakushukuru.

Fanya: mwambie ukweli kuhusu njia ya nyuma.
Mnaona aibu, najua. Lakini wapo mabinti wa mjini na wa pwani wanaolinda kizinda kwa ajili yenu na kutoa nyuma, wakiamini hapo hapana mimba wala maradhi. Mimba hapana. Maradhi yapo, na hatari ya kuambukizwa virusi vya ukimwi kwa njia hiyo ni kubwa kuliko kwa njia ya mbele. Haya ndiyo matunda ya kuhesabu heshima kwa kipande cha ngozi.

CHANJO NA SIKI

Fanya: mpeleke akachanjwe akiwa na miaka 9 hadi 14.
Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wa Tanzania kati ya saratani zote. Inaletwa na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Sindano moja, bure.

Usifanye: usiseme "wangu bado mdogo, hayo hayajui."
Ndiyo maana anachanjwa sasa. Chanjo inafanya kazi vizuri zaidi kabla ya kukutana na kirusi. Haimfanyi apende wanaume, kama ile ya surua isivyomfanya apende surua. Na wale wa "inaharibu kizazi": kinachoharibu kizazi ni saratani.

Fanya: na wewe mwenyewe nenda ukapimwe.
Kipimo chenyewe ni siki. Nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamegeuka weupe. Mabadiliko ya mwanzo mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo. Kuanzia miaka 30 usikose. Ukiwa unaishi na virusi vya ukimwi anza ukiwa na 25, maana hatari yako ni mara 6. Ukitoka damu baada ya tendo, usisubiri tarehe ya kliniki. Wengi wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road wanafika wakiwa wamechelewa, na walikuwa na dalili hiyo miezi mingi wakaona haya kuisema.

MANESI WENZANGU

Usifanye: usimuulize binti "umeolewa?" anapokuja kuomba kinga.
Mwongozo wa uzazi wa mpango haumtaki cheti cha ndoa. Ukimfokea hataacha. Atarudi na mimba, au atarudi akivuja damu kwa vijiti vya kutolea mimba mtaani. Mwaka 2022, katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini, 22 walikuwa wameshapata mimba. Sehemu ya hao walipita kwenye dawati la nesi wakafukuzwa kwa maneno.

Fanya: sema ukweli wote wa kila njia.
Kijiti kinakaa chini ya ngozi ya mkono miaka 3 au 5, kikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi haraka. Kitanzi hakipandi moyoni. Sindano huvuruga hedhi, na ukiiacha mimba inaweza kuchelewa miezi mingi. Hilo ni kweli, liseme. Wakigundua umewaficha dogo hilo, wataamini makubwa ya jirani. P2 ni ya dharura, ndani ya saa 72, na ikiwahi zaidi ni bora. Si ya kila Jumamosi, na haizuii maradhi.

Fanya: mkumbushe mwanafunzi aliyejifungua kwamba shule ipo.
Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi. Wazazi wengi bado wana kauli za 2017 kichwani, kwamba aliyepata mimba harudi shule.

YAKITOKEA

Fanya: mpeleke hospitali ndani ya saa 72.
Binti amebakwa: asioge, asifue, nguo zake zifungwe kwenye karatasi au kanga, si kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya saa hizo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, atakazomeza siku 28, na dawa ya kuzuia mimba. Zikipita, hizo za kuzuia virusi hazina kazi tena. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Zanzibar vipo vituo vya Mkono kwa Mkono, tiba na polisi mahali pamoja. Namba 116 ni ya watoto, hailipiwi.

Usifanye: usiyamalize nyumbani.
Kikao cha ukoo kikianza Ijumaa na kuisha Jumatatu, zile saa zimekwisha. Faini ya mbuzi wawili haimponyi mtoto kaswende. Na msinipe habari ya "alikubali." Chini ya miaka 18 hakuna kukubali, sheria inaita ubakaji na kifungo chake hakipungui miaka 30. Aliyefanya ni mjomba, mpangaji, ustadhi, mchungaji, mwalimu wa twisheni? Hao ndio wanaofanya. Wa porini mwenye panga ni nadra.

Usifanye: usimuulize alivaa nini.
Muulize nauli ya shule anapata wapi. Fataki, wale watu wazima wanaorubuni wanafunzi, walitangazwa redioni tangu 2008 na bado wapo, siku hizi wana bodaboda na chipsi mayai. Binti anayetembea kilomita sita kwenda shule na kurudi, akipewa lifti wiki nzima bure, siku moja atadaiwa.

NDOA

Usifanye: usimwoze wa miaka 15 kwa sababu sheria ya 1971 iliruhusu.
Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba, na Mahakama ya Rufani ikasema hivyo hivyo mwaka 2019. Nyonga za mtoto hazijui vifungu vyovyote. Uchungu wa siku tatu unamwacha na fistula, mkojo unavuja, na mume yule yule mliyemwozesha anamrudisha kwenu kwa harufu.

Fanya: mwambie bi harusi kwamba kuumia si sehemu ya ndoa.
Mara ya kwanza inaweza kuuma kidogo. Ikiendelea kuuma wiki hadi wiki, kuna sababu: ukavu, maambukizi, uvimbe, kovu, au mume asiyesubiri. Zote zina dawa, hata hiyo ya mwisho. Mwambie pia waende kupima wote wawili kabla, wasome majibu pamoja. Anayeishi na virusi na akimeza dawa zake hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono; kwa hiyo majibu si lazima yavunje harusi. Siri ndiyo inayoivunja, miaka miwili mbele.

Usifanye: usimrudishe kwa mumewe na neno "vumilia" kabla hajapimwa.
Somo, hili ni lako. Akija kwako wiki ya pili akisema hawezi kukaa vizuri, usianze na mafunzo mapya ya kiuno. Mchukue kliniki asubuhi, ingia naye ndani kama anataka uingie. Mumewe akiuliza yuko wapi, mwambie yuko kwa mkunga, na yeye aje.